Siku Moja Kwenye Mashamba ya Viungo

Ukilala Mji Mkongwe hata usiku mmoja, kabla hujamaliza chai ya asubuhi mtu atakuwa ameshakuuliza: umekwenda kwenye viungo? Anaweza kuwa mfanyakazi wa nyumba ya wageni, dereva wa teksi, au kijana wa Forodhani mwenye orodha ya bei kwenye simu. Mgeni wa Ulaya hukubali upesi, maana iliki ameizoea ndani ya kichupa cha dukani. Wewe uliyelelewa na pilau, uliyekuwa ukitumwa mdalasini dukani tangu mtoto, una haki ya kusita. Ulipe ili uonyeshwe tangawizi?

Lipa, uende. Ila usiende kama anavyokwenda yeye. Ziara hii ilipangwa kwa ajili ya mtu asiyejua lugha: nusa, kisia, cheka, piga picha, twende mti unaofuata. Wewe unaweza kuzungumza na mwenye shamba bila mkalimani, na mwenye shamba wa Unguja ana mengi ya kusema kuliko yaliyomo kwenye maelezo aliyokariri mtembezaji.

Kwanza ujue unakwenda wapi. Mashamba mengi yanayopokea wageni yako Kidichi, Kizimbani, Dole na Kianga, kaskazini mashariki ya mji, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kama barabara haina foleni. Kama umetoka Mufindi, Rungwe au Lushoto na unategemea kuona milima, utacheka. Sehemu ya juu kabisa ya Unguja ni upande wa Masingini, na haifiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari. Lakini vilima hivyo vidogo ndivyo vilivyoamua historia ya kisiwa. Upande huu wa magharibi na kati una udongo mzito na mvua ya kutosha. Ukivuka kwenda mashariki, Paje au Jambiani, unakanyaga mawe ya matumbawe yenye udongo kiduchu, na mkarafuu hauna la kufanya huko. Na kwa kuwa watu huuliza: Unguja hailimi majani ya chai. Ile pakiti nzuri iliyoandikwa chai ya viungo ya Zanzibar ina majani yaliyovuka bahari kutoka nje ya kisiwa. Cha hapa ni kile kinachoyatia harufu.

Kupata ziara ni rahisi mno, na hapo ndipo pa kuwa macho. Vijana wanaozunguka mjini kutafutia wageni safari huitwa papasi, na jina hilo hawakujipa wenyewe. Wapo waungwana kati yao, lakini kila mtu aliye katikati anakula kwenye bei yako. Mtembezaji halali ana kitambulisho kutoka Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na kuomba kukiona si utovu wa adabu. Ukishampata, maliza mazungumzo ya bei kabla hujapanda gari, na muongee kwa shilingi. Mkianza kwa dola mtaendelea kwa dola hadi kwenye dafu. Uliza bei imejumuisha nini: usafiri pekee, au na chakula cha mchana? Kiingilio cha hamamu ya Kidichi kimo? Mtakuwa peke yenu au mtachanganywa na kundi la watu kumi na tano? Kundi ni nafuu, lakini kundi lina mwendo wake, na mwendo huo ni wa picha.

Jambo la kulishikilia kuliko bei ni lugha. Sema wazi kwamba mnataka ziara yote iwe kwa Kiswahili. Watembezaji wengi wamezoea Kiingereza au Kitaliano, na ukiwaomba Kiswahili dakika kumi za mwanzo watakutafsiria yale yale wanayowaambia Wazungu, pamoja na vichekesho. Vumilia. Muulize mambo yasiyomo kwenye maelezo yake, kama anatoka shehia gani, au kama kwao wana mikarafuu, na polepole atasahau kwamba yuko kazini. Hapo ndipo safari inapoanza.

Wasiopenda kupangiwa wanaweza kwenda wenyewe. Daladala namba 502 inakwenda Bububu, na kutoka hapo bodaboda au teksi itakufikisha Kidichi. Mashamba mengi yanampokea mtu aliyekuja bila miadi. Utapewa kijana wa hapo hapo akutembeze, na mtaelewana malipo. Utaokoa fedha, ila utakosa mtu wa kukusimulia njia, na njia yenyewe ina habari. Mkiondoka mjini mtapita Maruhubi, ambako Sultani Barghash alijenga kasri mwaka 1882 likaungua mwaka 1899, na nguzo zake bado zimesimama. Mbele kidogo ni Mtoni, kasri la Seyyid Said, sultani aliyetoka Oman. Hapo ndipo alipozaliwa bintiye Salme mwaka 1844, yule aliyetoroka mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Hadi Bububu paliwahi kuwa na reli, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi wanaopita leo hawajui.

Ondoka saa mbili au saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Saa nane au saa tisa mchana utakuwa umerudi. Epuka masika, Machi hadi Mei, maana njia za mashambani huwa tope tupu. Ukitaka kuwaona wachumaji juu ya miti na karafuu zimeanikwa uani, njoo nusu ya pili ya mwaka, na hata hivyo uulize kwanza, kwa sababu mkarafuu haufuati kalenda: mwaka huu huzaa sana, mwaka ujao ukapumzika. Siku ya Ijumaa panga safari ukijua kwamba karibu na saa saba watu watakuwa msikitini. Mwezi wa Ramadhani ziara zinaendelea, lakini wale wanaokukatia matunda wamefunga, kwa hiyo usiwatafunie usoni.

Vaa viatu vilivyofunikwa. Ndala ni mwaliko kwa siafu. Nguo iwe ya rangi iliyokoza, sababu utaiona tukifika kwenye mzingefuri, na iwe ya heshima, maana unapita kwenye viambo vya watu. Ukikuta mtu mzima, salamu kwanza. Shikamoo haijawahi kumgharimu mtu. Na picha za watoto na za wanawake wanaochambua karafuu haziombwi kwa kuinua simu tu.

Sasa shamba lenyewe. Utakachoonyeshwa ni shamba la maonyesho: mche mmoja wa kila kitu, umepandwa karibu na mwenzake ili mgeni asichoke. Hakuna mkulima anayelima hivyo apate kula. Shamba la kweli la Unguja ni mchanganyiko wa minazi, mikarafuu, migomba, mihogo na mifenesi, na huwa liko hatua chache nyuma ya lile la maonyesho. Mwombe mtembezaji akupitishe huko wakati wa kurudi. Mara nyingi atafurahi.

Mtoto wa mjini hapa ndipo anapokutana na miti ya vitu alivyovila miaka yote. Pilipili manga ni mtambaazi unaopanda kwenye mti mwingine. Punje zikichumwa zikiwa kijani na kuanikwa juani huwa nyeusi. Zikiachwa ziive, zikalowekwa na kumenywa, huwa nyeupe. Ni mmea mmoja, ingawa dukani bei ni mbili. Iliki wengi huitafuta juu kwenye matawi, kumbe inazaa chini, ardhini kabisa, kwenye shina. Kungumanga ni kokwa ya tunda la manjano. Likipasuliwa unakuta utando mwekundu umeikumbatia, na utando huo ndio basibasi. Mtembezaji atakusimulia, akitabasamu, kuhusu kungumanga ndani ya uji wa wanawake siku za harusi. Cheka naye, lakini usijaribu kipimo chake nyumbani: kungumanga ikizidi hulevya na kudhuru. Mdalasini unatupa zaidi ya gome. Mwombe akufukulie kipande kidogo cha mzizi ukinuse. Una harufu ya kafuri, kama dawa ya mafua. Mzingefuri una mbegu za rangi nyekundu. Utapakwa rangi hiyo mdomoni au kwenye paji la uso, na ukigusa shati, shati limekwisha.

Vanila huwavunja moyo wengi. Ganda lake bichi halinuki chochote. Harufu huja baada ya miezi ya kulishughulikia, kulitia moto kidogo, kulifunika na kulianika. Asili yake ni Mexico, na huku kwetu hakuna mdudu wa kuichavusha, kwa hiyo kila ua, ambalo hufunguka siku moja tu, lazima lichavushwe kwa mkono. Njia rahisi ya kufanya hivyo, inayotumika hadi leo, iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mvulana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa. Ukikumbuka hilo bei ya vanila haitakushangaza sana.

Lakini mfalme wa mahali hapa ni karafuu, na kwake usiharakishe. Mmea huu ni wa visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, na ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Anayetajwa kuuleta ni Mwarabu tajiri, Saleh bin Haramil, aliyeupanda Mtoni na hapa Kizimbani. Seyyid Said alipoona faida yake alimnyang'anya mashamba, na inasimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye ardhi apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Katika miongo michache Zanzibar ikawa inaongoza duniani. Tunachokiita karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka. Likishafunguka thamani imepotea, ndiyo maana msimu ukifika kila mtu yuko juu ya mti. Vishada hukatwa, watu hukaa chini kuchambua matumba na kuyatenga na vikonyo, kisha matumba huanikwa kwenye majamvi siku kadhaa mpaka yawe kahawia na makavu. Makonyo nayo hayatupwi, hukamuliwa mafuta.

Hapo sasa uliza maswali ambayo kundi la wageni haliulizi. La kwanza: nani alipanda miti hii? Maelezo ya kawaida huruka kutoka kwa sultani mpenda mimea moja kwa moja hadi kwenye pilau ya mchana. Waliofyeka msitu, wakapanda na kuchuma, walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara, kwa maelfu, na walihitajika wengi namna hiyo kwa sababu ya mkarafuu. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873, lakini hadhi ya utumwa kisheria haikuondolewa Zanzibar hadi mwaka 1897, na kati ya miaka hiyo mashamba haya yaliendelea kuvunwa. Mtembezaji mzuri atakujibu bila kukwepa. Wengine watabadili mada, na hilo nalo utakuwa umelijua.

La pili: mbona mikarafuu ni michache kuliko nilivyodhani? Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya miti yake. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu wakati huo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba. Unguja ilibaki na jina na wageni. Siku hizi nchi inayoongoza kwa karafuu ni Indonesia, ambako nyingi huishia ndani ya sigara.

La tatu ndilo ninalolipenda: shamba hili ni la nani? Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, ardhi ilitaifishwa, na kuanzia mwaka 1965 familia zikagawiwa eka tatu tatu. Ukikutana na mzee aliyepo, muulize kuhusu eka tatu za babake. Utasikia juu ya watoto wengi waliorithi kipande kimoja, juu ya mtu wa mjini aliyekuja na fedha kutaka kiwanja, juu ya mkarafuu uliokatwa ili nyumba isimame. Mji unakua kuelekea huku, na ukisimama Kidichi unaona paa mpya katikati ya miti. Muulize pia mchumaji analipwaje kwa pishi, na karafuu anamuuzia nani. Jibu la mwisho ni moja: biashara ya karafuu iko mikononi mwa serikali kupitia Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ambalo hutangaza bei. Wakulima wana maoni juu ya bei hiyo. Wasikilize, usiwe na haraka ya kukubali wala kubisha.

Huko Kizimbani pia kuna chuo cha kilimo, ambacho sasa kiko chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Kama una shamba kwenu na unataka kujua jinsi ya kuotesha iliki au vanila, ulizia hapo. Utapata elimu zaidi ya ile ya mtembezaji.

Hamamu ya Kidichi wengi huipita kwa dakika tano. Ipe nusu saa. Seyyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali. Nje ni jengo jeupe la makuba, la kawaida tu. Ndani, inua macho: plasta imechongwa maua, mitende na ndege. Waibadhi wa Oman hawakuwa na desturi ya kupamba nyumba kwa sura za viumbe hai, kwa hiyo unatazama mkono na ladha ya Uajemi katikati ya mashamba ya Unguja. Unyevu umekula sehemu ya mapambo hayo, na ukungu unaendelea na kazi yake. Kiingilio ni kidogo, lipa bila kunung'unika.

Karibu na mwisho atatokea kijana aliyekuwa akiwafuata kimya muda wote, mikononi ana kofia, tai na pete alizosuka kwa makuti. Atakuvika. Hiyo si zawadi, na si vibaya kwamba si zawadi. Ni kazi, mpe chake. Kisha mkwezi atapanda mnazi kwa kitanzi cha kamba miguuni, akiimba wimbo ule wa kuwakaribisha wageni uliopigwa na bendi ya Them Mushrooms ya Kenya, na huko juu atacheza kwa mbwembwe zinazoushtua moyo. Kama kundi ni lenu peke yenu, mwambie aache maonyesho apande kawaida, aangushe madafu mnywe. Anayekwea kwa riziki kila siku hana haja ya kuning'inia kwa mkono mmoja ili kukufurahisha wewe.

Chakula cha mchana huliwa mkekani: pilau, mchuzi, mchicha wa nazi, matunda baadaye. Kama ni msimu wake, usiondoke bila shokishoki au doriani. Doriani uilie huko huko, hoteli nyingi hazitaki kuisikia.

Kununua kuna elimu yake. Vipakiti vya shambani bei yake iko juu kuliko sokoni Darajani. Nunua kidogo shambani, kwa sababu umekaribishwa, na nyingi sokoni. Karafuu nzuri ina kichwa chake. Ikandamize kwa ukucha, itoe mafuta. Mdalasini wa kweli umejikunja tabaka nyembamba nyingi na huvunjika kwa vidole, ule mnene wenye mkunjo mmoja ni jamaa yake tu. Iliki iwe ya kijani na imefunga mdomo. Vanila ipinde, ikikatika, iache. Ile iitwayo zafarani, mfuko mzima kwa bei ya soda, si zafarani, na zafarani hailimwi Zanzibar. Aliyekuuzia atakuapia; nunua kama unapenda rangi yake. Ukichukua karafuu, zisizidi za jikoni, na utunze risiti, kwa sababu magendo ya karafuu ni kosa na wakaguzi wa bandarini wanalijua zao hili kwa pua. Miche hai iache shambani, kwani mimea ina sheria zake za karantini.

Bakshishi mpe aliyekutembeza shambani mkononi mwake mwenyewe. Ukimpa dereva au wakala amfikishie, huna hakika. Na kama una siku mbili zaidi, panda boti uende Pemba. Shuka Mkoani, fika Wawi karibu na Chake Chake uone makonyo yanavyokamuliwa mafuta, na ukiwahi msimu utazikuta karafuu zimeanikwa kando ya barabara kijiji baada ya kijiji. Huko hakuna mtu atakayekusukia kofia ya makuti.